Makaa Katika Chumba cha Chokaa

Maneno yale yaliingia Mwabungo kwa njia ya kisimani, kama yaingiavyo maneno mengi, na tangu Biasha alipoyasikia yalimganda kama ulimbo.

"Mumiani wamerudi," alisema Kahaso, jirani yake, huku akivuta kamba ya ndoo. "Na safari hii wana gari. Jekundu. Nyuma halina hata dirisha moja. Asubuhi linapita kwenda Msambweni, alasiri linarudi Likoni."

"Kaliona nani?"

"Mimi nimeambiwa na mke wa Tembo, naye kaambiwa na shemeji yake wa Galu. Wazungu wanafunga virago, mama Kadzo. Unadhani wataondoka mikono mitupu? Wanataka damu ya watoto, wakaifanye dawa kwao."

"Hebu nitokee hapa!" Biasha alisema, akacheka, akajitwika mtungi wake.

Kicheko kilimwishia njiani. Alipofika nyumbani alihesabu watoto wake kana kwamba ni wengi, na walikuwa wawili tu: Kadzo, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, na Matano, ambaye alikuwa bado hajui kufunga kifungo cha shati lake. Akawaingiza ndani. Siku ya pili akawaingiza tena. Ikawa ndiyo desturi.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru, miezi yake ya mwisho, na kila mtu alikuwa anangoja jambo lake. Abdurahman, mumewe Biasha, alikuwa fundi mwashi huko Mombasa, na kazi za majengo zilikuwa zimefurika hata alikuwa anakuja nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemjengea mkewe chumba kipya: kuta za mawe, chokaa ndani na nje, dari ya boriti iliyosakafiwa, mlango wa mbao nzito wenye komeo. Dirisha lilikuwa moja, dogo. Nyumba nyingine zote hapo zilikuwa za udongo na makuti, na upepo ulikuwa unaingia na kutoka utakavyo. Chumba cha Biasha hakikuwa hivyo. "Hata mbu anabisha hodi," alizoea kusema, na watu walicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Tena alikuwa mwanamke mwenye mpango. Mafuta ya taa yalikaa juu, mbali na watoto, katika debe lenye kifuniko, wala hakuyatia katika chupa ya soda kama wafanyavyo wengine. Visu vilikuwa vimechomekwa kwenye makuti ya jikoni. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa na kata yake na ubao wake. Ukimwamsha Biasha usingizini ukamwuliza kiko wapi kiberiti, angekujibu bila ya kufumbua macho. Kwa hiyo uvumi ule ulipomtia hofu, alifanya alilolijua: alipanga nyumba. Aliingiza ndani kila kitu ambacho kingemfanya atoke nje. Kinu kikaingia. Kuni zikaingia. Gunia la makaa likaegemezwa ukutani. Dirisha dogo akaliziba kwa gunia na kanga kuukuu, asije mtu akachungulia. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akatazama kote.

"Haya," alisema. "Aje sasa."

Likatokea jambo la furaha. Wifi yake wa Gazi alikuwa anatoka arobaini ya uzazi, na mavyaa yake, mamake Abdurahman, akatuma salamu: mikate ya sinia ni juu ya Biasha, asijisumbue mtu mwingine. Hilo halikuwa ombi, ilikuwa sifa. Mkate wa sinia wa Biasha ulikuwa unajulikana mpaka Msambweni. Mchele anauroweka usiku kucha, anautwanga ukawa laini, anauchanganya na tui zito, hamira, sukari na iliki, kisha anauacha uumuke bila ya kuusogelea. Anaupika kwa moto chini, halafu anafunika sinia na kupanga makaa juu ya kifuniko, moto juu na moto chini, mpaka uso wa mkate unageuka rangi ya dhahabu.

Kazi hiyo kwa kawaida aliifanya jikoni uani, chini ya paa la makuti. Lakini kwenda uani ni kuwaacha watoto peke yao, na kuwapeleka watoto uani ni kuwaweka mbele ya barabara. Alasiri ile aliibeba seredani yake, jiko lake la makaa, kwa masikio yote mawili, akaiweka katikati ya chumba kipya. Akaongeza na ya pili, aliyoazima kwa Kahaso.

"Utapikia humo?" Kahaso aliuliza mlangoni. "Si utajaza moshi?"

"Moshi ni wa kuni, mama Chome. Makaa yakishakolea hayana moshi. Tazama, unaona moshi hapo?"

Kahaso alitazama, hakuona moshi. "Kweli," alisema, akaenda zake. Nyuma yake Biasha akatia komeo.

Na mkate uliumuka! Upepo haukuwa na pa kuingilia, na sinia la kwanza lilitoka limejaa na limenyooka uso, zuri kuliko mikate yote aliyowahi kupika. Biasha alilisogeza pembeni kwa madaha kama mtu anayemtoa bibi harusi nje. Akamimina la pili, akaongeza makaa. Matano alikuwa amelala juu ya mkeka, karibu na joto. Kadzo alikuwa ameketi na ubao wake wa shule, anaandika herufi.

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Kichwa cha kutaka kwenda kucheza hicho."

"Kinauma kweli. Na tumbo linazunguka."

"Andika, mwanangu. Mkate huu ukitoka nitakupa ukoko."

Yeye mwenyewe kichwa chake kilikuwa kinagonga kwenye vipaji vya uso, na alipoinuka kuchukua koleo ukuta ulisogea kidogo. Akasema moyoni kwamba ni uchovu wa kutwanga. Alipokwisha kupanga makaa juu ya sinia la tatu alimwita Matano, kwa sababu Matano hakuwahi kukosa mkate unapotoka; angenusa akiwa Likoni. Mtoto hakujibu. Alimwita tena. Akamwinua, na shingo ya mtoto ikaanguka nyuma kama nguo iliyorowa.

"Matano! We, Matano!"

Akampiga mashavu. Akamtikisa. Uso wa mtoto ulikuwa na wekundu wa ajabu, macho yamefumba nusu. Kadzo aliinuka, akatapika juu ya ubao wake, akaketi tena chini. Biasha alimpakata Matano, akauendea mlango akijishikiza ukutani.

Ndipo aliposikia gari. Lilikuja likipunguza mwendo, likasimama nje, hapo hapo mbele ya duka la Mzee Mwero, jirani yake. Na kupitia ufa mwembamba wa mlango aliona rangi. Jekundu. Nyuma halina dirisha.

Akasimama na mwanawe kifuani, mkono juu ya komeo. Nje kulikuwa na lile alilolikimbia mwezi mzima. Ndani kulikuwa na mtoto asiyeinua shingo. Aliliona jambo hilo waziwazi, hata akili ikiwa inamwogelea: hofu ya nje aliambiwa, hii ya ndani ameishika mikononi. Akavuta komeo.

Upepo wa bahari ulimpiga usoni, akaanguka. Akatambaa mpaka kwenye mchanga, akamlaza Matano, akarudi kwa magoti kumvuta Kadzo kwa mkono. Mzee Mwero alitoka dukani mbio.

"Kuna nini, mama Kadzo? Nani kawadhuru?"

"Mtoto haamki! Nataka hospitali. Nataka Msambweni!"

"Basi limekwisha pita." Mzee Mwero aligeuka. "Gari ni hili tu."

Dereva alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe la kazi, ameshika mikate ya boflo kwa mikono miwili. Biasha aliitazama mikate ile, akamtazama yeye, akalitazama gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na rafu za mbao, na juu ya rafu, boflo.

"Ni gari la mkate," alisema Mzee Mwero, kama anayemweleza mtoto. "La kiwanda kipya cha Mombasa. Leo ndiyo mara ya kwanza kuniletea mimi. Huyu ni Karisa."

"Ingia, mama," alisema Karisa. "Nilikuwa narudi Likoni, lakini nitageuza."

"Nyuma siingii," alisema Biasha. "Nitakaa mbele, na madirisha yawe wazi yote."

"Utakaa hata juu ya usukani ukitaka. Ingia."

Akageuza gari, akalikimbiza kuelekea kusini, upepo ukipita ndani kama maji. Biasha alimwelekeza Matano uso dirishani, akamsomea kila dua aliyoijua. Kadzo, aliyebanwa katikati, alikuwa anamkodolea dereva macho.

"Mama," alisema kwa sauti iliyojaa gari zima, "huyu ndiye mumiani?"

Biasha alitamani sakafu ya gari ipasuke immeze. Karisa aligeuza shingo kidogo.

"Kwanza, mwanangu, hukunisalimu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nikwambie. Nimebeba mbuzi, nimebeba saruji, nimebeba maharusi wamegombana. Sijapata kubeba watu wanaonitazama kama mimi ni fisi. Kumbe ndiyo maana watoto wa Galu wananikimbia! Na mimi nadhani ni sura yangu."

"Hata sura pia," alisema Kadzo.

Hapo karibu na Gazi, Matano alikohoa. Akakohoa tena, akatapika juu ya suruali ya Karisa, kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa, ya hasira. Biasha hakuwahi kusikia kilio kitamu namna ile. Naye akalia.

"Alie," alisema Karisa, hakupunguza mwendo. "Alie tu. Suruali itafuliwa."

Hospitalini walimlaza mtoto karibu na dirisha wazi, wakampa hewa kwa mpira, na Kadzo naye wakamtazama. Mwuguzi aliuliza walikuwa wapi, wanafanya nini. Biasha alieleza yote: mkate, seredani mbili, gunia dirishani. "Lakini hapakuwa na moshi, binti yangu," alisema. "Nakuapia. Hata kidogo."

"Ndiyo ubaya wake, mama," mwuguzi alimjibu. "Makaa yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa sumu. Haina rangi wala harufu. Inakulaza, nawe unadhani ni usingizi. Mtoto mdogo ndiye anayeanza. Mngekawia kidogo humo ndani, tusingekuwa tunazungumza."

Abdurahman, aliyepelekewa habari na Karisa, alifika asubuhi kutoka Mombasa, vumbi la chokaa likiwa bado nyweleni. Alimshika Matano, akamshika Kadzo, akamgeukia mkewe.

"Nimejenga chumba cha kuzuia mbu," alisema, "kumbe nimezuia na pumzi."

"Hukuizuia wewe. Mimi ndiye niliyeziba dirisha."

"Basi tumesaidiana."

Waliporudi Mwabungo alichukua tindo na nyundo kabla ya kunywa hata chai. Akatoboa matundu juu ya kila ukuta, chini ya boriti, na lile dirisha dogo akalipanua mpaka likawa dirisha la haja. Kahaso alikuja kutazama, mikono kinywani.

"Lakini mama Kadzo, na mumiani je? Na matundu yote haya?"

"Mumiani wako ana boflo, mama Chome. Jana kaniachia moja. Na seredani yako hiyo hapo, ichukue, ipikie uani."

Arobaini ya Gazi haikukosa mkate. Biasha aliupika jikoni kwake, chini ya makuti, barabara mbele yake na watoto wakicheza pale pale anapowaona. Wanawake walipokusanyika kumtazama mtoto mchanga, mmoja wao, mjamzito wa miezi mingi, alisema kwamba siku hizi za mvua na baridi anapenda kuingiza seredani chumbani, akilala anasikia joto. Biasha aliweka chini sahani yake. Aliwaambia kisa chote, hakuficha hata aibu ya gari, na wakacheka mahali pa kucheka. Alipofika kwenye shingo ya Matano hakuna aliyecheka. Yule mjamzito alimwomba arudie tena, polepole, yale ya kujiepusha nayo, akamwambie na mumewe, kwani naye anajenga nyumba ya mawe.

Biasha akayarudia, nami niliyemsikia nayaandika kama alivyoyasema. Sisemi watu wabaya hawako, alianza. Watazameni watoto wenu barabarani. Lakini haya ni ya ndani ya nyumba, na mengi tunayafanya wenyewe:

Usiingize seredani yenye makaa chumbani mnamolala, hata kama ni baridi, hata kama ni kidogo.

Usipike mkate wa sinia, wala chochote cha makaa, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa.

Usiamini kwamba pasipo na moshi hapana hatari.

Usizibe dirisha kwa gunia.

Usijenge chumba cha mawe bila matundu ya hewa, na fundi akisema hayana haja, mwite fundi mwingine.

Usimlaze mtoto karibu na makaa.

Mtoto akisema kichwa kinamuuma penye moto, usimwambie ni uvivu. Mtoe nje kwanza, umwulize baadaye.

Wewe mwenyewe ukisikia kizunguzungu, usingoje mkate uive.

Na maneno ya kisimani usiyafungie mlango kabla hujauliza ni nani aliyeona.