Madaftari Mawili, Kizio Kimoja

Saa kumi na moja jioni baba alivuta kiti, akafuta miwani kwa pindo la shati, akamwita Kitinda, binti yake wa mwisho, alete hisabati. Dada mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliendelea kukanyaga cherehani hatua tatu kutoka mezani. Baba alikuwa mwalimu mstaafu mwenye utaratibu wake: mwanafunzi huketi kulia kwake, na kulia kwake kulikuwa na kiti kimoja.

"Logi mbili zenye kizio kimoja," alisema, akigusa ile namba ndogo ya chini, "zinarahisishwa, zinakuwa moja. Logi ya mbili jumlisha logi ya tatu?"

"Logi ya tano," alijibu Kitinda.

Vikombe viwili vya chai vilivyokuwa mezani vikaungana. Kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, chai ikamwagika. Mama alileta kitambaa, akafuta. Tangu masomo yaanze vitu vya nyumba ile vilikuwa vinarahisika, na mama hakuwa na neno, maana vyombo vya kuosha vilipungua.

"Sita," alisema Fundi bila kuinua kichwa. "Zinazidishwa."

"Sita, mwanangu," baba alimwambia Kitinda, akimpigapiga begani. "Unaona? Kumbe unajua."

Kikombe kikapanuka.

Wivu ulimpanda Fundi. Hakumwonea mdogo wake wivu wa akili, hiyo akili yenyewe iko wapi? Alimwonea wivu wa lile bega. Yeye aliacha shule mama alipougua, akashona sare za huyu huyu Kitinda, na sasa, akiwa na miaka thelathini na mmoja, alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani ule ule aliokuwa akiandaliwa Kitinda. Logi alijifunza kwa kutega sikio huku cherehani ikilia. Ijumaa kila mtahiniwa alitakiwa kukabidhi daftari la mazoezi lenye jina lake. Asiye nalo, hana mtihani. La Fundi lilikuwa limejaa, limebakiza swali moja. La Kitinda lilikuwa na kurasa nne na mchoro wa paka.

Alhamisi Fundi aliiacha cherehani, akasimama nyuma ya kile kiti, akaweka daftari lake kando ya la mdogo wake.

"Baba, na mimi nisaidie. Hili moja tu."

Baba alisoma swali, akatazama madaftari yote mawili.

"Swali moja, baba mmoja, mama mmoja. Kizio chenu si kimoja? Ya nini nihangaike mara mbili?"

Akaandika jibu, akalipigia mstari. Madaftari yakaungana. Likabaki moja, nene, lenye mwandiko wa Fundi mwanzo hadi mwisho, paka akiwa katikati, na kwenye jalada jina la Kitinda.

"Dada, una mwandiko mzuri," alisema Kitinda.

"Na la kwangu?" Fundi aliuliza.

"Si ndilo hilo?" alisema baba. "Nyie ni chanda na pete."

Mama alisema jalada limeanza kuachia, lishonewe jingine kabla ya kesho. Fundi aliona wivu, lakini vidole vyake vilikuwa vidole vya kazi. Alilipima daftari kwa futi yake, akakata kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare, akashona. Kisha akatarizi jina la mdogo wake kwa uzi mweupe, na hakukosea hata herufi moja.