Mlango wa Kutokea Paani

Mchana wa Jumanne, Yuk-lin alitoka kwenye mkahawa wa tambi anakofanya kazi, akapanda ngazi za jengo letu pale Kowloon hadi juu kabisa, kumpelekea mama yake uji wa samaki. Mama yake, Bi Kam-oi, alikuwa ameketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, ameegemea mlango wa kutokea paani. Hapo ndipo moshi ulipomkuta jengo lilipowaka moto mwaka juzi, mlango ukiwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Tulimzika vizuri. Wiki iliyofuata tukamkuta palepale, anauliza kama mlango umeshafunguliwa.

"Bado, Mama," alisema Yuk-lin.

"Bado? Kwani huo ufunguo unatoka mwezini?"

Bi Kam-oi alinusa mvuke wa uji, akashiba. Yuk-lin akala uliobaki. Mlinzi Poon akapanda na makatoni ya mpangaji fulani.

"Mama Yuk-lin, hebu sogea kidogo."

"We Poon, hilo tumbo lako ndilo limeziba ngazi, si mimi!"

Poon akacheka, akayapanga makatoni ukutani, akashuka zake.

Kesi ya kifo chake ilikuwa imesikilizwa asubuhi hiyo. Chama cha wenye nyumba kilisema mlango ni wa kampuni ya usimamizi. Kampuni ikasema ilitumwa na chama. Mkandarasi akasema yeye aliitwa kufunga, hakuna aliyemwita kufungua. Kisha wakili wa kampuni akasimama, akasema kwa upole kwamba marehemu bado yumo ngazini, hivyo haiwezi kusemwa kwamba alishindwa kutoka. Huenda bado anatoka. Jaji akaandika. Akaamuru kufuli lisiguswe na yeyote, maana ni kielelezo, mpaka ijulikane ni nani hasa aliyepaswa kulifungua. Kesi ikaahirishwa.

Yuk-lin alimweleza mama yake yote hayo. Bi Kam-oi alisikiliza huku akikunja na kukunjua vidole.

"Niligonga, mwanangu. Niligonga sana."

"Najua, Mama. Mimi nilikuwa kazini."

"Afadhali. Ungekuwa hapa, ningekufa mara mbili."

Ikafika siku ya kila mwaka ya kusafisha makaburi. Bi Kam-oi alikuwa akilalamikia upepo unaopita chini ya mlango, kwa hiyo Yuk-lin alimnunulia koti la karatasi, la buluu, lenye vifungo vya dhahabu. Nguo ya karatasi isipochomwa haimfikii marehemu. Lile aliloteketeza kaburini mwaka jana halikufika, kwa kuwa mama hakuwa kule. Safari hii alipanda nalo hadi juu, akalitandaza kwenye sufuria, akatoa kiberiti.

Bi Kam-oi akamshika mkono.

"Usiwashe moto humu."

"Ni koti lako, Mama. Unatetemeka."

"Watoto wa hapo chini wametoka shule. Wako ndani."

Yuk-lin alimtazama mama yake, akatazama makatoni, ambayo sasa yalikuwa yamefika darini. Akarudisha kiberiti mfukoni. Akalikunja koti taratibu, akaketi kwenye kidato upande wa upepo, akamkumbatia mama yake, ingawa joto la mikono yake halikumfikia. Wakakaa hivyo, wakiwasikiliza watoto wakigombania rimoti.