Fundi Asishtuliwe

Fundi alikuwa amebana misumari midogo midomoni, akivalisha kochi kitambaa kipya, pale mteja alipoingia karakanani na kumpa pole ya msiba. Fundi akadhani mteja amekosea mtu. Mteja akashangaa: si yule shangazi yako, jirani yetu, aliyekulea? Amezikwa juzi. Fundi akaitema misumari kiganjani, akamwomba arudie.

Shangazi ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha hospitali Fundi alipopasuliwa kifua akiwa mtoto, likazibwa tundu alilozaliwa nalo moyoni. Tangu hapo huenda kliniki kila mwaka, na kila mwaka daktari humwambia aendelee na maisha yake. Naye Fundi anaendelea: mwanamke yule hubeba makochi, hupanda nayo ngazi, hupiga nyundo kutwa. Lakini ukoo wake ulishakata shauri kwamba yeye ni yai. Kwenye shughuli yoyote huletewa kiti kabla hajasalimia. Mchumba wake wa kwanza alivutwa pembeni na kaka mkubwa, akajazwa hofu, akayeyuka. Na habari mbaya humfikia zikiwa zimeshapoa, maana eti asishtuliwe. Yote hayo alikuwa akiyameza kwa sababu walimpenda.

Safari hii yalimkaba. Wiki nzima alikuwa akimpigia shangazi simu, na kila mara kaka ndiye aliyepokea. Shangazi amelala, alisema, ana mafua tu, na mafua yanaambukiza, kwa hiyo na moyo wako huo usije. Naye mjinga akatii.

Akafunga karakana, akaenda. Sebuleni kwa shangazi watu walikuwa wamekaa chini. Kaka alipomwona tu alikurupuka na kiti. Binti wa shangazi akaja na glasi ya maji. Fundi akakisukuma kiti kando.

"Aliniulizia?"

Kaka akamwambia kwanza akae, apumue, mambo yataongewa taratibu. Fundi akamwacha na taratibu zake, akamgeukia binti wa shangazi, ambaye tangu utoto hakujua kuongopa.

"Aliniulizia?"

"Kila siku," akajibu, macho kwenye glasi.

"Mkamwambia nini?"

"Kwamba una kazi nyingi. Kwamba utakuja ukipata nafasi."

Hasira ilimpanda Fundi. Mama wa watu amekufa akiamini kuwa mtoto aliyemlalia sakafuni ameona bora makochi. Wamemfanya mtovu wa shukrani, wakamzika mtu pekee aliyepaswa kusikia ukweli, kisha wanamletea maji ya kunywa.

"Tulihofia moyo wako, mdogo wangu," kaka akasema. "Ungetuangukia hapa."

"Moyo wangu mzima, kaka. Ningemshika mkono. Ningemwosha miguu, ningemwambia nipo. Hayo mmeninyima, na huna pa kwenda kunitafutia mengine."

Kaka akamsihi asilie, atajiumiza. Fundi akaketi sakafuni katikati ya wanawake, akaachia kilio cha sauti ambacho hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumruhusu. Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Kaka akabaki amesimama, kiti mkononi.