Televisheni ya Baba, Gemu la Nyanzala

Hasira ya Nyanzala haikuanza siku ya wageni. Ilianza dukani kwa Cletus, Mpanda mjini, pale baba yake alipojibu swali ambalo hakuulizwa yeye.

Mpunga ulikuwa wa Nyanzala, tuelewane hapo kwanza. Mzee Methusela alikuwa na majaruba mengi kule Mwamkulu, na binti yake alipofikisha miaka kumi na sita akamkatia moja la pembeni: lima mwenyewe, uza mwenyewe, ununue unachotaka. Basi akalima. Aliingia kwenye tope mpaka magotini, akafukuza ndege, akavuna, akapura. Wenzake wakauza wakanunua vitenge na mafuta ya nywele. Yeye alitaka gemu, na aliyeona huo ni wazimu, shauri yake.

Cletus alikuwa nayo mawili. Moja dogo, la kushika mkononi, linakula betri za tochi. Vitofali vinashuka kwenye kioo na wewe unavipanga. La pili kubwa, lina magari na watu wanaopigana, ila mpaka ulichomeke kwenye televisheni. Pesa ya mpunga ilitosha moja tu, na hilo kubwa lingeikomba yote.

"Unachukua lipi, dada?" Cletus aliuliza.

"Kubwa," baba akasema.

Alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikaa sebuleni. Mwaka juzi aliuza dume zima la ng'ombe, akaleta televisheni kwa treni kutoka Tabora. Mwamkulu umeme hakuna. Akaiunga kwenye betri ya gari, ikawaka, lakini matangazo yenyewe huku hayafiki, ikawa inatoa chenga na kelele tu. Majirani walikuja, wakatazama chenga, wakanywa maji, wakaondoka wanacheka chini chini. Mzee akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na tangu siku hiyo hakutaka mtu aiulizie.

"Baba, mimi nilitaka hili dogo. Hili naweza kwenda nalo shambani."

"Shambani unaenda kulima. Hili kubwa litakuwa lako, nani atakunyang'anya? Utacheza mpaka uchoke mwenyewe."

Mbele za watu angesema nini? Alipiga goti, akapokea boksi, akalifunga kwenye baiskeli.

Siku za mwanzo alicheza kweli, na hakuna aliyemfikia. Halafu habari zikasambaa kwamba televisheni ya Methusela imepata uhai, na wazee wakaanza kumiminika, Mzee Melkior mwenye trekta akiwa mbele. Wanaume wazima, wamekaa kwenye viti vya sebuleni, wanagongesha gari ukutani na kucheka mpaka machozi. Nyanzala alisimama mlangoni akaomba zamu.

"Zamu ya nani?" baba yake alisema bila kugeuka. "Wageni wana njaa. Kamsaidie mama yako."

Na betri ikiisha nani anaipeleka mjini kuchajiwa? Nyanzala. Anaibeba kwenye karia ya baiskeli, maji yake makali yanadondokea kitenge, kitenge kinatoboka, anarudi na vumbi lake mpaka kwenye kope, anakuta wazee wameshakaa wanamsubiri. Wanaisubiri betri, sio yeye.

"Vumilia mwanangu, mayu," mama yake alimwambia jikoni. "Kilichoingia sebuleni ni cha baba yako. Mimi mwenyewe kiti changu si unakiona kiko huku?"

Maneno hayo yalimkera kuliko yote, maana mama aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Jumamosi moja Mzee Methusela alimwita. Mzee Melkior angekuja na wakwe zake kutoka Sitalike, wakubwa watupu. "Kachaji betri. Beba na gemu, Cletus akaze ule waya uliolegea. Usichelewe."

Hakuchelewa. Betri ilipokuwa inachajiwa, aliweka lile boksi juu ya meza ya Cletus.

"Sitaki ulitengeneze. Nipe lile dogo."

Cletus alicheka. "Hili limeshatumika. Nikikupa dogo, tofauti sikurudishii."

Ulikuwa wizi wa mchana na wote wawili walijua. Nyanzala alimtazama mpaka kicheko kikamwisha.

"Niongezee betri za tochi," alisema.

Alipofika nyumbani wageni walikuwa wameshapewa maji ya kunywa. Baba yake aliondoa kitambaa kwa madaha, akaunga betri, akawasha. Chenga. Kelele zikajaa sebuleni.

"Gemu liko wapi?"

Nyanzala alipiga goti kama inavyotakiwa. Alilitoa lile dogo kwenye pindo la kitenge, akampa kwa mikono miwili. Mzee aliligeuza mbele na nyuma, akapapasa pembeni, akatafuta tundu.

"Waya wake unaingia wapi?"

"Halina waya, baba. Halichomekwi popote."

"Nani kakutuma?"

"Ulisema ni langu." "Mpunga wangu, jaruba langu, na kitenge changu kimetoboka kwa ajili ya betri yako. Nimechagua mwenyewe."

Mzee Melkior alijifanya anaangalia viatu vyake. Nyanzala hakuinuka. Alibaki na goti chini, mkono ameunyoosha, anasubiri arudishiwe.

Mzee Methusela aliwatazama wakwe wa Melkior, akautazama ule mkono. Akalirudisha. Kisha akaokota kitambaa chake, akaifunika televisheni ikiwa bado inapiga kelele.

Nyanzala alikwenda jikoni akasonga ugali wa wageni, gemu amelifunga kiunoni. Hasira ilikuwa bado iko palepale, na mwiko ulilijua hilo.