Moto wa Wastani

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda, hata mguu wa kiti cha jirani. Mpelekee kilichovunjika, atakurudishia kizima. Mwezi uliopita akaamua kwamba na jikoni kwetu panahitaji fundi.

Chanzo ni mimi. Hospitalini walitaka niwe msimamizi wa wauguzi wa zamu ya jioni, cheo nilichokitamani tangu siku ya kwanza nilipovaa sare. Nikampigia mama simu kumpa habari njema. Hakuuliza hata kama nimefurahi. Aliuliza, "Na mumeo atakula nini jioni?" Nikamwambia atajipikia. Mama akakata simu, na haikupita wiki akaingia na begi lake, eti amekuja kutusalimia.

Salamu gani! Alikuja kukagua, na mama yangu akisema hapana, mimi sina ubavu wa kumvuka. Nikamwomba mkuu wangu anivumilie, jibu nitampa Ijumaa.

Fundi hakutishika. Alianza kutupikia mapishi mapya ya kwenye simu: maharage kwa nanasi, mayai kwa mdalasini, supu ya boga iliyoganda ukaweza kuikata kwa kisu. Alisimama mbele ya jiko na aproni yake ya ngozi ya karakana, akifumba jicho moja kukitazama kijiko cha chumvi kama anayepima pembe ya geti. Vipande vya kitunguu lazima vilingane vyote. "Hicho kitunguu tunakula," nilimwambia, "hatukifungi bawaba." Akanijibu nitoke kwenye karakana yake.

Kila siku mama alikula vijiko viwili, kisha akaisukuma sahani taratibu. "Nimeshiba, baba. Ahsante."

Kwetu hakuna tusi lenye adabu kuliko hilo. Mkwe hamwambii mkwe mwenzake kwamba chakula chako hakiliki, anashiba, basi. Lakini Fundi wa watu alilipokea neno kama lilivyo. "Umeona?" alininong'oneza huku akivua aproni. "Vijiko viwili tu, mama hoi! Chakula changu kina nguvu." Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Halafu nikaikumbuka Ijumaa, kicheko kikanikauka mdomoni.

Alhamisi akatangaza wali wa karoti na tangawizi. Mwanamke wa kwenye simu alisema maji yakikauka, funika sufuria, na moto uwe wa wastani. Sasa hebu mwambie mtu anayeunganisha chuma kwa chuma habari za moto wa wastani. Kwake yeye, maadamu sufuria haijayeyuka, moto ni wa wastani. Tulishtuliwa na moshi. Nilipofunua, wali wa juu ulikuwa bado mbichimbichi, na wa chini umeng'ang'ania sufuria.

"Fundi, umeuchomelea!" nikasema.

Kwa mara ya kwanza hakunirudishia utani. Alikaa kwenye kigoda akashika tama. "Nimekuharibia kazi yako," akasema. Moyo uliniuma kweli. Nilitamani nile sufuria nzima mwenyewe ili asiwe na uso ule.

Tukapakua wa juu, tungefanyaje? Mama akala vijiko vyake viwili, akashiba, akainuka kwenda kunawa. Mimi nikabaki mezani nikitafuta maneno ya kumkatalia mkuu wangu. Mara tukasikia jikoni: kwaru, kwaru, kwaru.

Tulimkuta mama kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa magoti, anakwangua ukoko kwa kijiko. Mgeni hagusi ukoko wa watu. Ule hugombaniwa na wenye nyumba. Sembuse mkwe! Na alipotuona, wala hakuacha kutafuna.

"Msinitolee macho," akasema. "Wa juu ni balaa, baba, nisikufiche. Ila huku chini umepatia."

"Ni ajali, mama," Fundi akajibu, uso chini. "Moto ulinizidi."

"Basi na kesho ukuzidi hivyohivyo."

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza. "Mama, na ile kazi?"

"Si uende. Nani amekuzuia?"

"Si wewe uliyeuliza mume wangu atakula nini?"

"Niliuliza, ndiyo." Akapuliza kipande kilichokuwa bado na moto, akakitia mdomoni. "Nilikuwa na hofu, mwanangu. Wiki nzima ninamwangalia huyu baba wa watu anavyohangaika, nikawa naomba asikate tamaa. Maana akishindwa yeye, jikoni utarudi wewe, na mapishi yako nayajua mimi."

Nilimgeukia mume wangu anitetee. Alikuwa ameelekea ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Miaka yote hiyo ya ndoa, kumbe mtu alikuwa anakula tu na kunipenda.