Damu Ilikuwa Humu Humu

Colombe alikuwa mtengenezaji pekee wa programu za kompyuta katika hospitali moja ya Bukavu, na alikuwa amechoka. Programu za akiba ya damu zilikuwa mbili. Moja madaktari waliifungua kwenye intaneti. Nyingine ilikaa ndani ya kompyuta ya maabara, ili mtandao ukikatika kazi isisimame. Hiyo ya pili aliiandika Jacques kabla hajahamia Kampala. Kwa hiyo kila sahihisho Colombe alilifanya mara mbili, katika misimbo miwili, yaani maandishi mawili ya programu, isiyofanana hata kidogo.

Siku moja alisahihisha ya maabara: mfuko wa damu uliotengewa mgonjwa ukirudishwa, uonekane tena. Umeme ukakatika. Ya madaktari akaisahau.

Kesho yake daktari akatazama kwenye programu yake: damu ya kumwongezea mama aliyejifungua hakuna. Mume wake, Akilimali, akatumwa kuitafuta mjini kwa pikipiki, mvua ikimnyeshea. Alikuwa bado huko wakati Sifa wa maabara alipofungua friji na kuiona.

Colombe alimkuta Akilimali kwenye korido, matope mpaka magotini.

“Balisema damu haiko,” alisema taratibu. “Kumbe ilikuwa humu humu.”

“Kosa ni langu, papa. Unisamehe.”

“Bibi yangu iko muzima. Lakini ile kitu yako, dada, uitengeneze.”

Mkurugenzi, Papa Benoît, alitaka kiraka tu kwenye programu ya madaktari.

“Hapana, directeur,” Colombe alisema. “Nikiweka kiraka leo, kesho nitasahau upande mwingine. Nataka msimbo mmoja. Huo huo ufunguke kwenye intaneti, huo huo tuufungashe na kuuweka kwenye kompyuta ya maabara.”

“Itachukua muda.”

“Itachukua. Na kwa sasa musiniombe kitu kipya.”

Papa Benoît alishusha pumzi, akakubali.

Ikawa kazi ya kuvunja na kujenga, umeme ukija na kuondoka. Kurasa nzuri za Jacques alizifuta moja moja, roho ikimuuma. Hatimaye, mchana mmoja, alibadilisha neno moja tu, akatuma, nalo likabadilika kwenye ukurasa wa madaktari.

“Na huku imebadilika!” Sifa aliita kutoka maabara.

Colombe alitaka kufurahi. Badala yake alilaza kichwa juu ya meza. Sifa alipokuja alimkuta amelala. Akamfunika kwa kitenge chake, akatoka na kuvuta mlango polepole.