Kipimo cha Saa Nane

Naegemeza kichwa kwenye meza ya kituo cha hali ya hewa, nimeshiba ugali wa mchana, na kabla usingizi haujanishika vizuri njia ya kurukia ndege inaanza kurefuka. Naifuata kwa miguu. Inapita katikati ya mji wa vioo, na katika kila kioo yumo Mbonea, mume wangu, baba wa mwanetu Mkunde, rubani, anafunga vifungo vya shati jeupe kama asubuhi ile aliporuka asirudi tena. Miaka miwili sasa. Siku hiyo, saa nane, akirudi, aliniuliza kwa redio mawingu yako juu kiasi gani, nami kwa uvivu wangu nikamsomea kipimo cha saa saba, futi elfu tatu, bila kutoka nje kutazama, kwa kuwa dirishani kulikuwa kweupe. Upande wa mlima kulikuwa kumeshafungwa na ukungu, naye akashukia humo. Mtu asiye na uso ananingoja njiani, amebeba begani mfuko wa upepo, ule wa uwanjani unaoonyesha upepo unavuma wapi. Namuuliza, mume wangu yuko wapi? Yuko juu, anasema, anangoja namba. Namba gani? Ile unayoijua na huitaki. Natembea, njia inazunguka, inanirudisha palepale, na mlio wa injini uko juu yangu, haushuki wala hauondoki, nami namtamani mume wangu hadi kifua kinauma. Mara redio iko mkononi. Kituo, nipe mawingu. Ni sauti yake, ile ya kukwaruza. Nikimwambia futi elfu tatu atashuka, nitamshika. Nainua macho. Ukungu umekalia paa, mwonekano haufiki hata mita mia mbili, upepo unapiga ubavuni. Usitue, Baba Mkunde, namwambia. Pamefungwa. Geuza, nenda uwanja mwingine. Kisha anasema, leo umetoka nje, Mama Mkunde. Nimetoka. Haya, nimekupata, nageuza.

Naamka shavu likiwa juu ya daftari. Kipimo cha saa nane kimeshaandikwa, mwandiko ni wangu: mita mia mbili. Nje jua linawaka, na mlio wa injini unafifia kuelekea magharibi. Nasimama mlangoni, sijui ni ndege ya nani wala nimesimama upande gani wa usingizi. Naomba asigeuke nyuma, na moyo wangu wote unamwita.